Ingleburn Huanza

Jumapili, 18 Mei

Mume wangu amerusha sahani ya wali ukutani, nami sikumgombeza. Nilifagia vigae nikamwambia, "Una haki, Baba Ridhwan." Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema. Daftari hili nimelinunua nisidanganye nalo.

Kisa chenyewe ni kura. Jumuiya yetu ya Waswahili wa Sydney ina matawi matatu. Sisi watu wa pwani, wa Tanga, Mombasa na Unguja, tuko Ingleburn. Wakongo na Warundi wako Macquarie Fields, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwetu. Wakenya, wengi wao wauguzi, wako Westmead. Kila baada ya miaka miwili tunachagua mwenyekiti wa Jumuiya, na kila tawi hupiga kura ukumbini kwake, kwa siku yake. Ingleburn huanza, Jumapili ya kwanza ya Agosti. Jioni ile ile matokeo yetu husomwa, na wenzetu wakija kupiga kura wiki za baadaye, wameshajua upepo unaelekea wapi. Toka Jumuiya ianze, aliyeshinda kwetu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Ndiyo maana wagombea huja kula kwetu, hutubembeleza sisi, na wakishapita Ingleburn hawaonekani tena.

Leo Anicet, mkuu wa tawi la Macquarie Fields, kaandika kwenye grupu la simu kwamba tawi lake litapiga kura tarehe 27 Julai. Wiki moja mbele yetu! Zubeir ndiye mkuu wa tawi letu, mimi katibu wake. Kasoma, kasoma tena, kisha ikaruka sahani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Anicet si mtu baki. Ndiye aliyemtafutia mwanangu Ridhwan kazi kwenye ghala, ndiye aliyemfundisha kuendesha foklifti.

Jumatatu, 19 Mei

Tumesogeza yetu hadi tarehe 20 Julai. Baridi imeingia.

Jumatano, 21 Mei

Westmead nao wameamka. Tarehe 13 Julai. Zubeir hakula.

Jumapili, 25 Mei

Anicet alikuja nyumbani na sanduku la machungwa, kama afanyavyo kila mara. Zubeir hakumkaribisha ndani. Wakasimama barazani, mimi mlangoni.

Anicet akanigeukia mimi, pengine kwa kuwa niliitikia salamu yake. "Mama Ridhwan, franchement, niseme kweli, miaka yote siye tunakuyaka nyuma yenu. Tunapigia kura mutu mwenye nyiye mumekwisha chagua. Ile iko kura, ao ni kupiga makofi tu?"

Nilicheka. Lilikuwa neno la kweli, nami nikacheka ili Zubeir asinione nimelikubali. Zubeir akasema Jumuiya hii ilizaliwa sebuleni kwake wakati Anicet hajui hata Australia iko upande gani wa dunia. Anicet akajibu mtoto akizaliwa sebuleni kwako si lazima alale hapo mpaka azeeke. Hapo Zubeir akamsukuma kwa mikono miwili. Anicet aliangukia mgongo kwenye ngazi za saruji, machungwa yakabingirika hadi barabarani.

Aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akaondoka. Ridhwan alikwenda kuyaokota machungwa. Baba yake akamwambia ayaache yaoze. Akayaokota.

Nilimwona Ridhwan mjinga. Ana miaka ishirini na mitatu, bado hajui kusimama na wa kwao.

Jumamosi, 31 Mei

Macquarie Fields: 6 Julai. Alfajiri tumekuta kioo cha mbele cha gari letu kimepondwa, jiwe liko kwenye kiti cha dereva. Mvua imeingia ndani usiku kucha.

Jumapili, 1 Juni

Sisi: 29 Juni.

Zubeir na wenzake wanne walikaa sebuleni toka adhuhuri. Niliwapikia chai ya tangawizi na vitumbua, na nilisikia kila walichopanga. Walitoka na kisu cha kukatia mazulia. Waliporudi walikuwa wanacheka, na Zubeir alinionyesha vidole vinne. Magurudumu manne ya gari la Anicet.

Nilimwuliza kama amekula vizuri vile vitumbua. Basi, ndivyo nilivyokuwa siku hiyo.

Jumanne, 3 Juni

Mvua. Hata wagombea wenyewe, Wainaina na Précieux, hakuna anayewataja tena. Nani atashinda si hoja. Hoja ni nani ataanza.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nimeswali, nimelia kidogo kwa ajili ya mama, nimepika biriani. Kila Idi Honorine, mke wa Anicet, hufika hapa ingawa ni mtu wa kanisa, na hukaa jikoni kwangu tukisengenya mpaka waume zetu waite. Leo hakuja. Sahani yake niliifunika, kisha nikaifunua nikaila mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Ridhwan kaja na jino limevunjika na shati lina damu mpaka kiunoni. Vijana wawili wa Macquarie Fields walimvamia kwenye maegesho ya ghala, wakamkanyaga kichwa.

Baba yake alisimama, akavaa viatu. "Nipe jina."

"Dad, sit down," Ridhwan alisema. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa lugha aliyosomea. "Uncle Anicet stopped it. He lay on top of me. They were kicking him, not me."

"Nipe jina!"

"I just gave you one. Anicet."

Zubeir akampiga kofi, upande ule ule wa jino. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya chumvi, maji yakamwagika. Toka nimeolewa, miaka ishirini na sita, sikuwahi kumwona Zubeir akimpiga mtu aliyekwisha kuumia. Nilimtazama mkono. Ni mkono ule ule ulionivika pete.

Jumapili, 15 Juni

Mkutano Westmead. Msimamizi wa uchaguzi ni Chepkoech, muuguzi mfupi mwenye sauti ya kuamsha maiti. Alitupanga kwenye viti kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Anicet alikuwa na mkono kwenye bendeji. Zubeir hakumtazama.

"Mmefanya hii calendar imekuwa mchezo," Chepkoech alisema. "Agosti ikawa Julai, Julai ikawa Juni. Next mtapiga kura jana. Watu wazima mnavunjiana magari! Mimi niko na shift usiku, sina time ya watoto wazee. Sasa sikilizeni. Matawi yote, siku moja. Sunday tarehe ishirini na tisa. Results zinasomwa pamoja, hakuna mtu anatangulia. Anayekataa, nitamfuta kwenye uchaguzi, na nitaita polisi mimi mwenyewe."

Anicet alitia sahihi. Zubeir alitia sahihi. Wakapeana mikono, ule wa Anicet wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuinuka. Honorine na mimi tulikutana chooni tukashikana, tukalia, tukacheka kwa kulia kwetu. Akaniambia nyumba yangu ameitamani sana.

Ndani ya treni nilimwambia Zubeir nashukuru yamekwisha. Aliitikia kwa kichwa tu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo halikunishtua, ingawa lingenipasa.

Jumapili, 22 Juni

Jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Nimefua, nimekunja.

Alhamisi, 26 Juni

Zubeir anataka bokoboko kwa ajili ya siku ya kura. Kaniletea mwenyewe ngano na nyama ya kondoo. Anaimba bafuni.

Jumapili, 29 Juni

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu. Nitayaandika kwa mpango nisije nikayapotosha.

Mchana nilikuwa jikoni ukumbini Ingleburn, na dirisha la kupitishia sahani lilikuwa wazi, naona ukumbi mzima. Nilikuwa napondaponda bokoboko kwa mchi wangu, ule wa mninga niliokuja nao kutoka Tanga. Chakula cha kesho, nilidhani. Lakini watu wakaanza kuingia, wawili wawili, mpaka wakafika kama hamsini. Wakaswali magharibi humo ukumbini. Walipotoa salamu, Zubeir akafunga mlango kwa komeo, akatoa sanduku la kura chini ya meza, akasimama mbele yao.

"Jua limezama," alisema. "Kwetu siku haianzi saa sita za usiku kama ya hawa. Kwetu siku huanza jua likizama. Bibi zetu walihesabu hivyo, na sisi tunahesabu hivyo. Jumapili imeshaingia, jamaa. Tulitia sahihi Jumapili, tunapiga kura Jumapili. Kabla ya isha matokeo yatakuwa kwenye kila simu ya Sydney."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Nami nilicheka. Lazima niliandike hilo. Ni kweli kwetu usiku wa Jumapili ndio unaoitangulia Jumapili, nimekua hivyo, na niliona mume wangu ana akili kuliko wote. Niliuacha mchi ndani ya sufuria, nikajipangusa mikono, nikachukua orodha ya wanachama, nikakaa mezani nikawa natia alama majina. Nilitia alama majina kumi na moja.

Mtu mmoja alipiga picha sanduku akaituma kwenye grupu. Majivuno tu. Macquarie Fields ni dakika tano kwa gari.

Mlango ulipigwa teke mara tatu, komeo likang'oka. Akaingia Anicet na wanaume watano. Anicet hakupigana na mtu. Alipita katikati ya viti moja kwa moja hadi mezani, akanitazama mimi na ile kalamu mkononi. "Na wewe, Mama Ridhwan," alisema. Basi.

Alilibeba sanduku kwa mkono mmoja, akalibana kifuani, akageuka kurudi mlangoni. Hapo ndipo viti vilianza kuruka. Mtu alipigwa kiti cha uso, meno yakamwagika sakafuni. Mwingine alikimbilia jikoni, sufuria ya bokoboko ikapinduka juu ya miguu yake, na kilio chake bado nakisikia. Ridhwan alikuwa anawatenganisha watu, anapiga kelele, "Stop, stop!" Hakuwa na kitu mkononi.

Zubeir aliingia jikoni akatoka na mchi wangu. Anicet alikuwa amempa mgongo. Narudia: alikuwa amempa mgongo, sanduku kifuani, hatua tatu kufika mlangoni. Zubeir aliuinua mchi kwa mikono miwili akampiga kisogoni. Anicet alipiga magoti. Zubeir akampiga tena. Sanduku lilipasuka na karatasi zikalowa damu.

Ridhwan aliruka juu ya viti, akamkaba baba yake, wakavutana, akamnyang'anya mchi. Akabaki amesimama nao juu ya Anicet, analia. Majirani walikuwa wameshaita polisi toka mlango unapigwa, na polisi waliingia wakati ule ule. Wakamkuta yeye, na mchi, na damu.

"Who did this?"

Kimya. Watu hamsini, husikii pumzi. Ridhwan alimtazama baba yake. Nami nilimtazama. Zubeir alikuwa anatazama viatu vyake.

"Me," Ridhwan alisema. "It was me."

Nilisubiri Zubeir aseme. Wakamfunga mwanangu pingu, nikasubiri. Wakamtoa mlangoni, nikasubiri. Nami pia sikusema.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi nilimwuliza, "Baba Ridhwan, utakwenda lini?"

"Wapi?"

"Kusema."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Yeye ana presha. Jela itamuua. Ridhwan ni kijana, hana kosa la nyuma, watamwachia. Tena mwenyewe ndiye aliyesema, nani alimtuma?

Nilikwenda kazini. Mimi hufua mashuka hospitali moja kule Westmead, na Anicet yuko huko huko, wodi ya mahututi. Toroli la mashuka ya wodi hiyo lilishuka saa nne. Kulikuwa na shuka moja lenye damu upande wa mto. Sijui kama ni yake. Nililifua peke yake.

Jumanne, 1 Julai

Mahakama imekataa dhamana. Zubeir hakuhudhuria. Hajasema.

Jumatano, 2 Julai

Hajasema.

Alhamisi, 3 Julai

Honorine alinikuta kwenye korido ya hospitali na toroli langu. Amekonda kwa siku tano. Alinishika mikono yote miwili.

"Umi, dada yangu. Anicet alimupenda Ridhwan kama mutoto wake. Siwezi kuamini. Wewe ulikuwa pale. Ulimuona nani? Uniambie kweli."

Nilisema, "Sikuona."

Aliniachia mikono. Nikasukuma toroli.

Jumamosi, 5 Julai

Hajasema. Mvua ya mawe. Analala vizuri, anakoroma, mimi nakaa kwenye kiti namsikiliza na nafikiria mto juu ya uso wake. Nimeandika hilo, nalo libaki.

Jumanne, 8 Julai

Anicet amefariki saa mbili asubuhi. Innaa lillaahi. Sasa ni kesi ya kuua.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwona Ridhwan gerezani. Wamemnyoa, na jicho moja limefumba kwa ngumi ya mtu wa humo. Nilimwambia nitasema.

"Don't, Mum. Dad won't last a week in here."

"Na wewe?"

"I'm young."

"Ndiyo maana," nilimwambia. "Ndiyo maana, mwanangu."

Akainamisha kichwa. Akawa tena na miaka sita.

Nimerudi nikamwekea Zubeir Kurani mezani. Ameapa: kesho kutwa, Ijumaa, akitoka msikitini, anakwenda kituo cha polisi moja kwa moja. Ameapa huku analia, nami nilimshika kichwa. Nilimpenda tena kwa muda wa kama saa moja.

Ijumaa, 11 Julai

Nilimpigia pasi kanzu. Nilimfungia dawa zake za presha kwenye mfuko mdogo, na miwani, na soksi nzito. Saa tisa nilijua ameshafika kituoni. Saa kumi nilijua wanaandika maneno yake. Nilikaa na simu mapajani.

Saa kumi na nusu niligundua sauti zinatoka uani. Nilifungua dirisha la jikoni. Alikuwa amekaa na wale wanne, ile kanzu niliyoipiga pasi iko mwilini, karatasi ya kalenda magotini, kalamu mkononi. Chepkoech katangaza uchaguzi utarudiwa mwezi wa Septemba, na kila tawi litoe tarehe.

"Tuwahi," Zubeir alikuwa anasema. "Wale wamo matangani, hawana akili ya tarehe sasa. Tukituma leo, hakuna atakayetupita. Ingleburn ianze, kama kawaida."

Mfuko wa dawa ulikuwa miguuni pake, haujafunguliwa. Nilifunga dirisha. Sikurusha sahani.

Jumamosi, 12 Julai

Nimetoka nyumbani mchana, jua lingali juu, isije ikasemwa baadaye ilikuwa siku nyingine. Zubeir aliuliza naenda wapi. Nilimwambia naenda kumleta Ridhwan. Alielewa. Alisimama katikati ya mlango akainua mkono, nami nilimpa shavu. Nikamwambia, "Piga. Leo nimekupa uso." Mkono ukashuka. Alikaa chini pale pale kwenye zulia la mlango, nikamruka.

Nikiwa njiani nilimpigia Honorine. Sikuomba msamaha, maana sijaustahili bado. Nilisema tu, "Niliona. Niliona toka mwanzo." Kisha akasema, "Enda," akakata simu.

Naandika haya kituo cha polisi. Afisa ni mwanamke wa makamo, kaniletea chai ya maziwa baridi. Ameuliza kama kuna chochote kilichoandikwa wakati ule, nikamwonyesha daftari hili. Ameomba alichukue, atatafuta mtu wa kulifasiri. Nimemwambia anipe dakika tano nimalizie, naye amekubali. Humu mna magurudumu, mna vitumbua, mna majina kumi na moja niliyotia alama. Wayasome yote.

Kabla hajatoka ameniambia watu hamsini walikuwa ukumbini, na kwa wiki mbili hakuna aliyefungua mdomo. Mimi ndiye wa kwanza. Kisha akauliza naishi wapi, ajaze fomu.

Nimemwambia Ingleburn.